Fundo la Mwisho la Bi Meneja

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba alikuwa fundi mitambo. Alikuwa kitinda mimba. Kabla yake alitanguliwa na kaka mmoja, aliyempita miaka kumi na moja. Kaka huyo ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma. Kwa utaratibu wa maandishi ya namna hii atajitaja kama "kaka yake", wala msidhani anajificha. Leo hana pa kujificha.

Baba alifariki mwaka 1977, marehemu akiwa na miaka tisa. Kaka yake alishika kazi ya ukarani pale pale reli, akawa baba bila kupewa mafunzo. Alimsimamia katika shule ya msingi, aliyoianza 1975 na kuimaliza 1981, kisha sekondari, akakagua madaftari yake kila Ijumaa kama mkaguzi wa serikali. Siku moja aliona daftari la historia limeshonwa upya kwa uzi wa gunia, kurasa zimenyooka kuliko za dukani. Alimgombeza kwa kupoteza muda. Marehemu alimjibu, "Lakini kaka, halikuwa limekufa. Lilikuwa limelegea tu." Alikuwa na miaka kumi na mbili.

Alipata stashahada ya biashara mwaka 1990. Tarehe 4 Februari 1991 aliajiriwa katika kampuni kubwa, idara ya ununuzi, na kaka yake alimsindikiza hadi mlangoni akiwa amevaa suti ya kuazima. Alipanda ngazi moja moja mpaka akawa meneja wa idara. Siku alipopewa kadi zenye jina na cheo chake, kaka yake aliomba moja akaiweka kwenye mfuko wa shati. Aliitembeza huko miaka tisa. Kinyozi alionyeshwa, muuza magazeti alionyeshwa, na kuna daktari wa meno aliyeonyeshwa mara mbili.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 16 Desemba 1995. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuja ofisini kufuatilia madawati ambayo kampuni iliahidi kuipa shule yake, akasubirishwa saa tatu, na kiti cha wageni kikavunjika akiwa amekikalia. Marehemu alitoka mbio kumwinua. Shemeji amesema tangu siku ile hakuinuliwa na mtu mwingine. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mvulana, ambao sasa ni watu wazima na kazi zao.

Mwaka 2013 kampuni ilibadilisha rangi ya nembo, na viti mia mbili na kumi vikaamriwa kutupwa kwa sababu havikufanana nayo. Karatasi ya kuvitupa ilihitaji saini moja, ya kwake. Alisaini. Kisha akashuka uani, jambo ambalo mameneja hawalifanyi, akamkuta mzee mmoja fundi makochi akichagua vya kuchukua. Mzee alikigeuza kiti miguu juu, akakibonyeza, akasema, "Hiki kizima. Nani kakitupa?" Marehemu alimwuliza karakana yake iko wapi.

Tangu hapo kila Jumamosi alikwenda kwa yule fundi kujifunza. Siku ya kwanza alishona mto wa kochi kwa bidii kubwa, alipotaka kusimama akashindwa. Alikuwa ameushona pamoja na sketi yake. Fundi alitafuta mkasi taratibu, bila haraka yoyote. "Basi umeshaajiriwa," alimwambia. "Kazi hii huwezi kuiacha." Marehemu aliisimulia hadithi hii mpaka kitandani hospitalini, na kila mara sketi ilikuwa ya bei zaidi.

Tarehe 30 Juni 2014, baada ya miaka ishirini na mitatu, aliacha kazi. Jumapili iliyofuata, ndugu wakiwa wamekusanyika kwa chakula, alikuja nyumbani kwa kaka yake kumweleza kwamba anafungua karakana ya viti. Kaka yake hakumwacha amalize.

"Usiache mbachao kwa msala upitao. Nimekusomesha uje ukae chini kwenye vumbi?"

"Nitakaa kwenye kiti, kaka. Kazi yenyewe ni viti."

Watu walicheka. Kaka yake hakucheka. Alitoa ile kadi mfukoni, akaiweka mezani mbele yake, akasema, "Basi chukua, maana sina tena wa kumwonyesha." Aliichukua, akaagana na kila mtu kwa adabu, akaondoka. Kaka yake aliapa kutokanyaga kwenye karakana ile. Katika maisha yake ameapa mambo mengi, na hili ndilo alilolishika kwa muda mrefu kuliko yote.

Karakana ilifunguliwa Septemba mwaka huo, chumba kimoja kati ya duka la dawa na mchonga funguo. Majirani walipomwona meneja mzima mdomo umejaa misumari, walimbandika jina la Bi Meneja. Walimtania nalo, baadaye wakamheshimu kwalo. Alikuwa na sharti moja, kwamba kiti hakitoki dukani mpaka mwenyewe aje akione kikiwa wazi chini, aone springi na sponji, kisha afunge fundo la mwisho kwa mkono wake. Wateja walinung'unika. Yeye alisema, "Nimesaini vitu vingi ambavyo sikuvitazama. Hapa kila mtu atazame."

Machi 2019 mke wa kaka yake, wifi aliyempenda, alivizia mumewe amesafiri, akapakia kwenye mkokoteni kiti alichokalia marehemu mama uzeeni, springi zimetoka nje, akakipeleka karakana. Baada ya wiki tatu simu ilipigwa.

"Kaka, kiti cha mama tayari. Limebaki fundo lako."

"Kilete."

"Masharti unayajua."

"Hata mimi ni mteja?"

"Ukija ni mteja. Usipokuja ni kaka."

Kaka yake alisema atakwenda akipata nafasi. Alikuwa amestaafu, nafasi ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho. Miaka mitatu alikaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukimuuma, akimwambia kila mgeni kwamba plastiki ina afya.

Agosti 2021 marehemu alianza kuchoka pasipo sababu, akapungua mwili. Madaktari walikuta saratani ya kongosho. Aliendelea kufika karakana mpaka Februari, akiwaelekeza mafundi akiwa amelala kwenye kochi la mteja. Kaka yake alimtembelea hospitalini kila siku, akambebea uji, akamsomea gazeti. Walizungumza yote isipokuwa kiti. Wiki mbili kabla ya mwisho marehemu alikitaja mwenyewe. "Uzi nimeuacha mrefu," alisema, "kwa ajili ya vidole vyako vinene." Kaka yake akamjibu, "Ukipona tutakwenda pamoja." Marehemu alimtazama, akatabasamu, akasema, "Sasa masharti ni yako." Kutoka hospitali hadi karakana ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Juni 2022, saa kumi na dakika ishirini jioni, mumewe ameushika mkono wake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Jana asubuhi kaka yake alikwenda karakana kwa mara ya kwanza. Mafundi watatu walisimama bila kuuliza yeye ni nani. Kiti cha mama kilikuwa pembeni kimegeuzwa, kimefunikwa shuka safi, na kwenye mguu wake ilining'inia lebo kama ya viti vyote vya wateja. Ilikuwa ile kadi ya kampuni. Nyuma yake marehemu alikuwa ameandika, "Kaka. Asiharakishwe."

Fundi mmoja alimwonyesha namna ya kupitisha uzi mara mbili na kuvuta polepole. Fundo la kwanza lilifunguka, na la pili. Alifuta vidole vyake vinene kwenye suruali, akaushika uzi upya. La tatu lilishika.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, wifi yake, mafundi watatu walioamua kuendelea na kazi na sharti lake, na kaka mmoja. Picha yake mnayoiona hapo mbele imewekwa juu ya kiti hicho.

Na sasa utaratibu wa maandishi uniwie radhi. Mdogo wangu, nimekuja. Nimetazama ndani, kazi yako ni nzuri, na nilipaswa kukwambia ukiwa unasikia. Fundo limeshika. Pumzika kwa amani.