Orest Pawluk, Mtu Aliyelisukuma Gari la Majambazi

Wasikilizaji wapendwa, Orest Pawluk mwenyewe hakuwahi kulificha: siku ile mjinga alikuwa yeye. Alilisema kwa kinyozi, akalisema hata kwenye harusi ya bintiye, glasi mkononi. "Mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye mabega!"

Orest ametutoka Jumanne. Orest, mtunza barafu wa ukumbi wetu wa hoki, ile inayochezwa kwa kuteleza juu ya barafu, hapa Dunmarrow.

Siku yenyewe ilikuwa ya Januari, baridi ya kung'ata masikio. Orest anatoka kununua mkate. Mbele ya benki kuna gari limenasa kwenye theluji, magurudumu yanazunguka bure. Ndani wamo watu wawili, nyuso zimefunikwa kwa kofia za sufu, macho tu ndiyo yanaonekana. Nani angeshtuka? Wiki hiyo hata padri alitembea hivyo hivyo. Na kwetu gari likinasa husukumwa, huulizi la nani.

Orest akauweka mkate juu ya theluji, akaegemeza bega.

"Polepole, kijana! Unakanyaga mafuta kama unaua panya!"

Gari likachomoka. Dereva akashusha kioo. "Asante sana, mzee!" Orest akawapungia mkono.

Hapo karani wa benki akatoka mbio. "Orest! Wametuibia hao! Umewasukuma kwa nini?"

"Si walikuwa wamenasa!"

"Ungewaacha wanase, mwanamume wewe!"

Hakuna aliyeumia, wapendwa. Majambazi walikamatwa barabara ya kaskazini, gari limenasa tena, na huko hakukuwa na Orest. Dereva alikuwa Dwight Lemaire, kijana wa mji wa jirani. Akafungwa.

Mji nao ukapata kichekesho cha kudumu. Gari likikwama, watu wanaita, "Orest, njoo! Lakini waulize kwanza wametoka wapi!" Yeye anacheka, anasukuma.

Bintiye, Lesia, ametuambia hivi: "Baba alikuwa na jambo moja lililomkaa moyoni. Yule kijana anakimbia polisi, lakini anafungua kioo katika baridi ile ili ashukuru. Baba akawa anasema, huyo bado hajaharibika." Basi Orest akawa anakwenda jela kumtembelea. Mwaka hadi mwaka, alikwenda.

Dwight alipotoka, kila mlango alioubisha ulifungwa. Orest akataka kumpa kazi ya barafu. Watu wakaja juu, mkutano ukaitwa palepale ukumbini. Dwight alisimama nje, tiketi ya basi mfukoni. Wakimkataa, anaondoka, na hana pa kwenda.

Leo alfajiri, wasikilizaji, nimepita ukumbini. Dwight, mvi kichwani, alikuwa ameshalainisha barafu yote. Akaniambia, "Mzee hakupenda wachezaji wasubiri."

Kwa mjane wake, mama Stefania, kwa Lesia na wajukuu, na kwako wewe Dwight: poleni sana. Tumelia nanyi. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize jioni ya leo ni nani anayemwacha nje kwenye baridi, na kwa nini hasa.

Nawaachia maneno ya mkutano ule, kama Lesia anavyoyakumbuka. Murdo, kinyozi wetu, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa.

"Jambazi umpe funguo, Orest? Akili zimekuganda?"

"Humu kuna nini cha kuiba, Murdo? Ataondoka na barafu begani?"

Watu wakacheka. Murdo hakucheka.

"Chekeni tu. Na watoto wetu wanaokuja kucheza hapa? Watajifunza nini kwa mtu aliyeiba benki?"

Orest akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Watajifunza kwamba ukiiba benki unaishia kukwangua barafu gizani kwa mshahara mdogo kama wangu, na kutwa nzima unamsikiliza Murdo. Nionyeshe mtoto atakayetamani."