Nilimwita Baba Yangu Mlinzi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na waliochoka pia, maana leo nasimama hapa nimechoka kweli. Tangu alfajiri nimemwogesha baba, nimembadilisha nguo mara mbili, nimemtafuta hadi kwa jirani alikokwenda akidai anaenda shambani. Lakini nimeona nisikae kimya na jambo ambalo Mungu amenitendea.

Wengi wenu mnanifahamu. Nilitoka kijijini kwetu Iyula kwa miguu yangu. Nikaenda Zambia, nikafanya kazi mchana na kusoma jioni, nikapata diploma ya ugavi. Katika kitongoji chetu hakuna aliyenitangulia kwa diploma, na hilo nalisema bila aibu. Nikarudi hapa Tunduma, nikafungua ofisi ya kutoa mizigo mpakani, nikajenga nyumba ambayo mkipita mnaigeukia. Na kila niliposhuhudia hapa kanisani, nilisema hivi: "Mimi sikushikwa mkono na mtu. Ni Mungu na mimi."

Ndugu zangu, ule ulikuwa uongo. Leo nauvua mbele yenu.

Baba yangu hana meno mawili ya mbele. Tangu nikiwa shule ya msingi wenzangu walinicheka, "Mtoto wa kibogoyo! Baba yako alipigwa kilabuni!" Niliamini. Sikuwahi kumuuliza. Nyumbani kwetu mtoto hamuulizi baba habari za mwili wake. Kanisani alikaa benchi la mwisho, matarumbeta yakipigwa anainamisha kichwa. Mimi nikasema moyoni, dhamiri inamsuta, pombe hiyo. Nikaapa sitafanana naye. Ari yangu yote ya kusoma ilitoka kwenye aibu ile.

Mwaka jana akaanza kusahau. Akasahau njia ya kisimani, akasahau kwamba mama alikwisha kufa. Nikamleta kwangu. Nilimlisha, nilimvika, lakini nilimwonea haya. Siku moja akaja mteja wangu Mzambia, mtu mwenye malori. Akamwona baba amekaa barazani, akaniuliza, "Huyu mzee ni nani?"

Nikajibu, "Alikuwa mlinzi wetu kule shambani. Namsitiri tu."

Baba alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alitazama mikono yake.

Wiki hiyohiyo nikaamua Jumamosi nimrudishe Iyula, akae peke yake katika nyumba ya zamani, jirani awe anamchungulia. Nilikwisha kumfungia nguo zake kwenye begi. Mke wangu alinikatalia, akasema, "Baba Tumaini, mzee atakufa kule." Nikamwambia asinifundishe.

Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya safari, binti yangu Tumaini alikuwa anaangalia katuni kwenye televisheni. Ni ile michezo ya kuchekesha ya familia moja, inaongea Kiswahili. Siku hiyo ilimhusu babu wa ile familia, mzee mwenye masikio makubwa ambaye kazi yake ni kusinzia mezani. Wajukuu wakagundua kwamba ujanani alikuwa bingwa wa kuteleza kwenye theluji, na yeye mwenyewe amesahau! Wakamvalisha vifaa vyake, akaporomoka mlimani akipiga kelele. Tumaini alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamgeukia baba yangu.

"Babu, na wewe ulikuwa nani kabla hujawa babu?"

Mimi nilikuwa kwenye simu. Nikasema, "Mwache babu, hakumbuki."

Ndugu zangu, mzee akainua mikono! Akajaza hewa mashavuni, vidole vitatu vikaanza kubonyeza kitu ambacho hakipo. Akatoa kwa midomo wimbo wetu wa Pasaka, ule unaopigwa makaburini jua likichomoza.

"Tarumbeta, mjukuu," akasema. "Sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Nikiipuliza mimi, hata wafu wanageuka."

"Mbona uliacha?"

"Tarumbeta linataka meno."

"Sasa meno yalienda wapi, babu?"

"Yako barabarani, kwenye mteremko wa kwenda hospitali. Mtoto alishikwa na degedege, nikamfunga kifuani, nikapanda baiskeli. Mvua. Ikateleza. Mtu ana mikono miwili tu, mjukuu. Nikaiweka yote kwa mtoto."

Nikatoka nje. Nikampigia shangazi, dada yake baba, kule Iyula.

"Shangazi, meno ya baba yalitokaje?"

Akacheka kwanza. "Msomi mzima! Umezunguka Zambia yote, leo ndiyo unauliza?" Halafu akaacha kucheka. "Ulikuwa wewe. Alifika hospitali damu inamtoka kama mbuzi wa Krismasi, wakadhani mgonjwa ni yeye. Akatukataza kukuambia. Alisema mtoto asikue anajilaumu. Siku aliyorudisha tarumbeta kanisani ndiyo mara ya pekee nilimwona akilia."

Nilikaa chini palepale uani, na suruali yangu ya ofisini. Nililia kama mtu aliyefiwa. Diploma haikunisaidia kitu.

Nikampigia yule mteja. Nikamwambia, "Yule mzee si mlinzi. Ni baba yangu mzazi. Nilikudanganya."

Akasema, "Mwebantu! Jamani! Na mimi nilimpita bila hata kupiga magoti, kama tunavyosalimia wazee kwetu." Akaniambia atarudi, kwa ajili ya kumsalimia mzee tu.

Nikarudi ndani, nikafungua begi, nikazirudisha nguo kabatini. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. "Baba, nisamehe. Nilikukana."

Akanitazama sana. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni yule mtoto wa kwenye baiskeli."

Akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, akakiacha hapo. Akauliza, "Homa imeshuka?"

"Imeshuka, baba."

Ndugu zangu, siku ile nilifunguliwa! Sikuponywa uchovu. Baba naye hajapona, na kila asubuhi ananiuliza mimi ni nani, nami kila asubuhi namjibu. Lakini kile kiburi kilichonibana kifua tangu utotoni kimetoka, namshukuru Mungu, na namshukuru mke wangu aliyenikatalia.

Mwenye mzee nyumbani akamuulize leo, angali ana la kujibu. Na kama yupo hapa aliyemkana mtu wake, asiogope. Mungu aliyenivumilia mimi na majivuno yangu hawezi kushindwa na mtu yeyote. Njoo hapa mbele, nitapiga magoti pamoja nawe. Nikichelewa kuinuka mnivumilie, nimechoka. Lakini nitapiga.