Pancras Bulugu na Mishale Miwili ya Lori la Kijiji

Baba Padri, wakwe zetu mliotoka Nyamiaga, majirani wa Nemba, na wote mlioacha mashamba kuja kulia pamoja nasi, familia imemtuma Novatus, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya ndugu yetu Pancras Bulugu, kama alivyoyaishi na kama mwenyewe alivyoagiza yasomwe.

Marehemu alizaliwa hapa Nemba tarehe 12 Mei 1931, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Bulugu na Mama Auleria, akasoma hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1943, na mwaka 1950 akaenda Bukoba kujifunza ufundi wa magari, ambako wenzake walipenda injini kwa sababu inanguruma, naye akachagua umeme, akisema nyaya hazipigi kelele ila zinataka mtu mwenye subira.

Tarehe 21 Juni 1958 alifunga ndoa na Jovina, binti wa Nyamiaga, wilayani Ngara, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza akiwa Restituta, na pamoja na mke alipata muramu, yaani shemeji, Celestini, ndugu wa Jovina, ambaye marehemu mwenyewe alimfundisha udereva, na wakawa watu wa kula sahani moja. Mwaka 1974, tulipohamia kijiji cha ujamaa, marehemu alikabidhiwa karakana, na Celestini usukani wa lori.

Mwanzoni mwa 1978 tulilipaka lori hilo rangi ya kijani kwa ajili ya sherehe za Chama, na kwa mapenzi yetu tukafungua hata dashibodi, tukaipaka mbele na nyuma, tukairudisha ikiwa inang'aa, marehemu akiwa Ngara kwenye msiba, asiwepo wa kutuambia kwamba rangi huzuia umeme.

Tarehe 14 Novemba mwaka huohuo, daraja la Kyaka likiwa limekwisha kuvunjwa, lori liliitwa kupeleka vijana arobaini vitani, na Celestini alipoliwasha, mshale wa joto ulikimbilia kwenye nyekundu huku wa mafuta ukionyesha tangi limejaa, akakataa kuondoka, na ofisa mmoja, ambaye hatumlaumu kwa kuwa usingizi ulikuwa umemkimbia tangu vita vianze, akamwambia, "Wewe ni mwoga au ni mhujumu, chagua jina moja," akaagiza marehemu aletwe, akaonya kwamba gari likichemka njiani wote wawili watajibu.

Marehemu aliweka kiganja kwenye rejeta, akakuta ni vuguvugu tu, akatazama mishale miwili iliyopanda pamoja, akaelewa kwamba ugonjwa hauko kwenye injini bali kwenye waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ambao skrubu yake ilikuwa imekaa juu ya rangi yetu na sasa imelegea. Hapo Celestini aliinama kana kwamba anamsaidia, akamnong'oneza, "Muramu, teremsha wa joto, huo wa mafuta uache hapohapo," na marehemu akatambua kwamba tangi ni tupu, kwa maana dizeli ilikwisha kwenda kwenye mashine ya kusaga, wakati kijiji hakikuwa na unga. Akamjibu, "Haiwezekani, muramu, yote inakunywa kwenye waya mmoja," akakwangua rangi kwa kisu hadi chuma kikaonekana, akakaza skrubu, na mbele ya macho ya ofisa mshale wa joto ukarudi katikati, na wa mafuta ukashuka, ukashuka, ukalala chini kabisa.

Ofisa akauliza mafuta yamekwenda wapi, na Celestini akajibu, "Mmeyala, afande, yamo kwenye unga mliochangiwa juzi," akachukuliwa, akakaa mahabusu hadi Julai 1979. Lori lilijazwa dizeli, likaendeshwa na mwingine, likavuka pori bila kusimama na kufika salama. Tangu hapo Celestini hakukanyaga uani kwa marehemu, na Jovina aliendelea kupika na kulima kama kawaida, lakini kwa muda mrefu hakumwita mumewe kwa jina.

Machi 1984 marehemu alianza kuugua kifua, akalazwa mara mbili, na mwezi Juni, akiuguzwa nyumbani na Restituta, aliwaita mkewe na mdogo wake, akasema kwamba siku ile iliwezekana, kwamba angeugusisha waya wa tangi kwenye chuma mshale wa mafuta ungebaki juu, wala hakufanya hivyo kwa kuwa aliwaona akilini wale vijana wakikwama porini, lakini alimdanganya muramu wake kwamba haiwezekani, badala ya kumtazama usoni na kumwambia kwamba hataki, na hilo ndilo lililomlemea miaka yote. Akaagiza lisomwe leo, nasi tumelisoma, bila kujifanya mahakimu kati ya watu wawili ambao kila mmoja alikuwa anaokoa watu. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1984, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliombeba kwa machela hadi barabarani, na mafundi wenzake wa Biharamulo waliotengeneza jeneza hili. Tena tunamwona Celestini, amesimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, kofia mkononi. Muramu, umesikia. Nafasi yako ipo kwenye benchi la wafiwa, pembeni ya dada yako, na hatutainua jeneza kabla hujaikalia.

Pumzika kwa amani, Pancras, yaliyobaki utuachie sisi na muramu wako.