Sanduku Lililokataa Karatasi Yangu

Ndugu zangu, kufuli la sanduku lile la maoni nililivunja mimi. Asubuhi kweupe, getini, watu wakiona, kwa nyundo niliyoazima kwa fundi wa viti ng'ambo ya barabara. Nilipiga mara tatu halikutoka. Ya nne likaanguka. Msiseme ni Shetani alinituma, msinitetee. Nilikuwa nimechoka.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja wa makamo. Alikuwa ameniuliza swali moja tu: "Mwanangu, si wewe uliye kwenye picha? Wewe ndiye unayesoma barua zetu?"

Swali hilo ndilo lililonimaliza. Ngoja niwaeleze lilikotoka.

Mnanijua, nimekulia hapa hapa Mpemba. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata mtoto, nikakaa nyumbani, halafu nikajiunga na chuo kusomea uhusiano wa umma, ngazi ya cheti. Wengine wenu mlicheka. "Uhusiano wa umma ndiyo nini, kusalimia watu?" Nilisikia. Ili umalize lazima uende fildi, ufanye kazi kwenye ofisi ya watu, na msimamizi akusainie fomu. Bila saini hakuna cheti. Mtoto nilimwachisha ziwa kabla ya wakati nikampeleka kwa mama yangu Ivuna. Siku za kwanza maziwa yalilowesha blauzi mapokezini nilikopangiwa, nikawa natembea na faili kifuani kama mtu mwenye kazi nyingi.

Nilipokelewa kwenye kituo kimoja cha afya cha binafsi. Jina silitaji, na nyie mlioanza kunong'ona, acheni. Msimamizi wangu alikuwa afisa uhusiano, kijana wa tai, mwongeaji. Wiki ya pili akaniambia, "Dada, leo tunapiga picha ya ukurasa wetu wa mtandaoni. Simama pale kwenye sanduku la maoni, tumbukiza karatasi, tabasamu."

Karatasi ilikuwa nyeupe, haina neno. Nikaichomeka.

"Haiingii, bosi."

"Sukuma."

"Nimesukuma. Limejaa."

"Basi ishikilie hapo hapo mdomoni. Nani atajua?"

Nikaishikilia. Nikatabasamu. Na maneno ya chini ya picha niliyaandika mimi mwenyewe: "Sauti yako inasikika." Nawaambia ukweli, nilijiona mjanja. Nilimtumia hata mama yangu. Huko ndiko kuanguka kwangu, ndugu zangu. Wengine huanguka kwa pombe. Mimi nilianguka nikiwa nimesimama, nimepaka mafuta ya midomo.

Sasa yule mama. Alikuja mara ya kwanza kuuliza majibu ya barua aliyoitumbukiza sandukuni. Afisa akaninong'oneza, "Mwambie yanafanyiwa kazi." Nikamwambia. Akarudi, nikamwambia tena. Mara ya tatu alikuja na bintiye, mkono umefungwa plasta, kichanga kiko mgongoni kwa bibi. Barua yake ilihusu komeo. Mlango wa choo cha wajawazito haukuwa na komeo, kwa hiyo mwenye mimba anachuchumaa huku ameunyoosha mguu kuzuia mlango. Wanawake, mnacheka kwa sababu mnajua. Binti yule aliteleza akauzuia mwili kwa mkono, mkono ukavunjika. Mtoto Mungu alimnusuru. Mama aliandika KABLA binti hajaanguka. Ndipo akaniuliza lile swali la picha.

Nikaomba ufunguo. Afisa akasema haujulikani uko wapi, yeye mwenyewe alilikuta sanduku hivyo hivyo. Nikatoka kwenda kwa fundi wa viti. Mlinzi wa geti, mzee wa kutoka Mbebe huko Ileje, alinitazama napita na nyundo, akageuza kiti chake kikaangalia ukuta. "Mwanangu, mimi leo macho yananisumbua."

Kufuli likaanguka, na barua zikamwagika miguuni kwangu.

Sijui niwaeleze vipi. Nilipiga magoti. Kulikuwa na karatasi za daftari la mtoto, vipande vya boksi la sabuni, stakabadhi ya kahawa iliyoandikwa kwa nyuma. Moja iliandikwa kwa wanja. Na heshima yake! "Shikamooni wakubwa wa ofisi." "Samahani kwa kuwasumbua." Mtu ameachwa juani tangu alfajiri, na anakuomba samahani. Mwingine wa ng'ambo ya mpaka aliandika shukrani tu, akichanganya na lugha ya kwao: "Natotela sana mama nesi, ulinishika mkono." Nesi yule hakuwahi kujua. Na komeo, komeo, komeo. Barua za komeo nilizihesabu zikafika saba nikaacha. Watu walikuwa wakiongea na boksi la mbao, na boksi halikumwambia mtu. Hata leo nikiwaza imani ile, nywele zinanisimama.

Afisa akatoka mbio. "Umevunja mali ya ofisi! Fomu yako siisaini, nenda kasalimie watu huko kwenu!"

Nilitaka nimpigie kelele mpaka malori ya barabarani yasimame. Nilitaka nirushe kila kitu kwenye makundi ya simu. Dada wa masijala, ofisi inayopokea barua, akanivuta mkono.

"Mdogo wangu, hasira haina muhuri. Kaa, uandike."

"Waliandika wote hawa, ikasaidia nini?"

"Waliandikia sanduku. Sanduku halina daftari. Barua ikipita kwangu ina namba, ina siku, ina jina la aliyeipokea. Hapo mtu hawezi kusema hakuiona."

Chuoni walinifundisha tabasamu na vichwa vya habari. Jambo hili hawakunifundisha. Nikaandika barua kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, nakala mbili. Alipoisoma akainua macho. "Mbona umejishitaki na wewe?" Nikasema, "Gonga muhuri, dada." Nilijua naweza kurudi Ivuna kwa mwanangu bila cheti.

Mganga mfawidhi aliniita. Alisoma barua za komeo, akainuka, akaenda kwenye choo kile akajaribu kujifungia. Aliporudi alisema, "Leo hii liwekwe." Fomu aliisaini yeye. Afisa hanisalimii mpaka leo. Sawa.

Namshukuru dada wa masijala. Namshukuru mzee wa macho mabovu, na mama yangu aliyenilelea mwanangu. Yule mama wa barua namshukuru kwa kurudi mara ya tatu. Nanyi nawaambia: neno lako lipeleke penye daftari, rudi na nakala yenye muhuri. Na ukipewa kazi ya kuongea na watu, kwanza fungua sanduku.

Nakala yangu hii hapa. Naisoma kama ilivyo.

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU SANDUKU LA MAONI. Mimi ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha uhusiano. Nalalamika kwamba sanduku la getini halifunguliwi. Nalalamika kwamba wagonjwa waliandika kuhusu choo kisicho na komeo, hawakusomwa, na mjamzito akaumia humo. Barua zao nimeziambatisha. Naomba kila aliyeandika jina lake ajibiwe. Nalalamika pia juu ya picha ya mwanamke anayetumbukiza barua. Mwanamke huyo ni mimi. Karatasi haikuwa na neno, na haikuingia. Naomba picha hiyo ishushwe, na mimi nihojiwe kama wengine wote."