Washa Taa, Mjomba

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, dereva wa basi la wafanyakazi wa hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye usukani. Jina lake lipo kwenye faili. Sisi tunamwita Mjomba.

Alianza na lile basi kuukuu ambalo halikuwaka mpaka wauguzi washuke kulisukuma. Ni mpole, lakini thubutu kumwambia akanyage mafuta! Alipunguza mwendo makusudi, huku akipiga mluzi.

Jioni alimshusha kila mtu mlangoni kwake, na hakuondoka mpaka aone taa ya ndani imewaka. Ukichelewa kutafuta swichi, honi mbili. Majirani walinung'unika, sisi tulilala kwa amani.

Mapema mwaka huu, asubuhi moja ya ukungu, alisimama kituoni, akafungua mlango na kumkaribisha mama mmoja kwa heshima zote. Kumbe mama mwenyewe ni nguzo iliyotundikwa koti. Jamani, tulicheka mpaka mbavu zikauma! Mjomba peke yake hakucheka. Baadaye aliniambia, mimi muuguzi wa kiti cha mbele, kwamba kama leo ameona mtu palipo na nguzo, kesho ataona nguzo palipo na mtu.

Wiki hiyohiyo alienda kupimwa macho. Miwani ingemsaidia kidogo tu. Leseni yake ilikuwa hai, mkuu wa usafiri hakuwa na habari, wala hakuna aliyemsukuma. Alienda mwenyewe kuweka funguo mezani, akaanza likizo ya kusubiri tarehe ya kustaafu. Haukuwa uamuzi mwepesi. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali, na waliokuwa wakimsalimia kila siku ni sisi wa kwenye basi.

Juzi nilimpelekea mwaliko wa sherehe hii ya kumuaga. Giza lilikuwa limeshaingia, naye amekaa sebuleni hivyo hivyo. Alisema haoni sababu ya kuwasha taa kwa ajili ya mtu mmoja. Niliumia, sitaficha.

Mjomba, asante kwa kutufikisha salama, na asante kwa kusimama kabla hujaumiza mtu. Dereva mpya tumeshamwelekeza: kila jioni, kabla hajamshusha yeyote, atapita kwako kupiga honi mbili. Tunakutakia afya njema na mapumziko mema. Kutoka nje si lazima. Wewe washa taa tu, maana hatuondoki mpaka tuione.