Mzee Ernesti na Bonde Lisilo na Kitu

Tarehe 30 Juni, Mzee Ernesti Mhina, Mratibu wa Utafiti katika hifadhi yetu ya msitu kule nyuma ya Mwera, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhakikisha kwamba sayansi haichafui viatu.

Kanuni aliitunga mwenyewe: mtafiti haingii msituni bila kusindikizwa na mratibu. Kanuni nzuri sana. Ila mratibu alichukia matope, ruba na nyoka, kwa mpangilio huo. Hivyo wataalamu walitoka Dar, wengine Ulaya, wakahangaikia vibali, wakafika getini, na hapo hapo getini wakafanya utafiti wao. Mkwaju wa pale umepimwa na kupigwa picha kuliko bibi harusi. Vipepeo wetu, kwa mujibu wa majarida makubwa, hupendelea kuishi karibu na maegesho ya magari. Aliyeuliza habari za bonde la juu alijibiwa kwa upole kwamba huko hakuna kitu.

Mwaka jana Mzee akaaminiwa. Mwekezaji wa kokoto aliliomba bonde, na kikao cha wakubwa wetu kule Raskazone kikapekua tafiti zote. Kweli, hakuna hata moja iliyotaja kiumbe kule juu. Ikaamuliwa bonde limegwe, isipokuwa tukileta ushahidi wa viumbe kabla ya kikao kijacho. Kwa mara ya kwanza nilimhurumia Mzee.

Kesho yake alipanda bondeni na Dokta Hasina, mtafiti wa vyura aliyeomba ruhusa hiyo tangu hajaolewa. Sasa mwanawe yuko darasa la tatu. Mzee alirudi na kiatu kimoja, ruba shingoni na sauti za vyura kwenye simu, akatusikilizisha ofisi nzima mpaka chaji ikaisha. "Jamani, kumbe wamo!" alirudia, machozi yakimtoka. Kikao kiliwasikia pia, na bonde limebaki letu.

Mzee wetu, ahsante. Ukapumzike salama pale nyumbani kwako Usagara, na magoti yako yakutii, maana tumepokea ombi lako la kupanda bondeni kila mwezi kama raia wa kawaida. Tunalishughulikia. Kwa kanuni yako mwenyewe, lazima usindikizwe na mratibu, na kuanzia Julai mosi mratibu ni mimi. Wenzangu mnanijua, ruba siwawezi kabisa. Mabuti nimeshanunua.