Siku Mwanangu Aliposoma Vibaya

Asalaam aleikum, ndugu zangu, na wenzetu wa kanisani nawasalimu kwa salamu yenu. Mnanijua, kunyamaza ndiyo kazi inayonishinda, lakini hili nimelikwepa muda mrefu. Nalisema leo kwa sababu mwenzetu mmoja humu kikundini amemwachisha mtoto shule kwa kuwa kusoma kunamshinda, aje kuanika dagaa naye. Simtaji. Naomba tu anisikilize.

Binti yangu wa pili alikuwa akisikia kitu mara moja, kimeingia. Madrasa zetu za Ujiji mnajua zinavyofundisha: ustadhi anatangulia, watoto wanaitikia, mpaka sura inakaa kichwani. Kwake ilikaa kabla wenzake hawajakunja miguu vizuri. Baba yake, fundi wa injini za maboti, mtu wa maneno machache, akirudi kutoka mwaloni, kule maboti yanakotia nanga, alikaa barazani na chai yake akamwambia, "Nisomee Yasini, mama." Alimwita mama kwa kuwa mtoto alirithi jina la mama mzazi wa baba yake. Akishasomewa ndipo anakula.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Daftari lake vurugu tupu, herufi zimegeuka, nyingine zimerukwa. Wakamwita mvivu. Nikasema, mvivu gani anahifadhi sura ndefu hivyo? Mtoto anasoma Kurani, Kiswahili kitamshindaje? Tukajiridhisha hivyo, nyumba nzima na mtaa mzima.

Yakafika Maulidi. Akachaguliwa kusoma mbele ya watu, kavaa baibui jipya, msahafu uko kwenye marufaa, kile kibao cha kuuwekea. Upepo wa ziwa ukapita chini ya turubai ukafunua kurasa nyingi kwa pamoja. Yeye akaendelea, sauti haikutetereka, kidole kinapita kwenye sura nyingine kabisa. Waliokaa nyuma wanasema mashallah. Mgeni mmoja aliyekuwa karibu naye akamsimamisha, akamwonyesha mstari. "Soma hapa." Mwanangu akautazama ule mstari mpaka watoto wakaanza kucheka. Yule mgeni akasema kwa sauti, "Kumbe anawachezea. Huyu hajui alifu wala bee."

Tangu siku hiyo hakusoma tena. Madrasa haendi, shule haendi. Nikimwambia twende, anachukua ndoo ananifuata mwaloni kuchagua dagaa. Wapo walioniambia ana jini, wapo walioniambia nimtafutie mume akikua kidogo.

Mwaka uleule baba yake akaugua ini. Alilala chumba cha mbele, amekonda, tumbo limejaa. Kila mchana anaita, "Mama, nisomee Yasini." Mtoto anasimama mlangoni, anajibu, "Baba, mimi sijui kusoma." Naye anasema, "Haya, basi kesho." Nilimbembeleza, nikamgombeza. Hakuwa na kiburi, ndugu zangu. Aliona akisoma atakuwa anamdanganya baba yake, na yeye hakutaka kumdanganya.

Mume wangu alifariki bado anasema kesho. Yasini alisomewa na watu wengine, na mwanangu alikaa jikoni ameziba masikio kwa kanga yangu. Hapo nilianguka. Sikupika, sikuja mwaloni. Dagaa wangu walinyeshewa, mkaniokolea ninyi.

Aliyetushika mkono ni mwalimu mmoja, mteja wangu wa samaki, wale migebuka, aliyekuja kunipa pole. Akiwa mkekani akamsikia binti yangu akimbembeleza mdogo wake kwa hadithi ya redioni, neno kwa neno, na sauti za wahusika wote. Akaniuliza yuko darasa la ngapi. Nikamweleza yote, na Maulidi nikamweleza. Akasema, "Dada, mwanao ana akili nyingi. Ila herufi haziingii kwake kama zinavyoingia kwa wenzake. Wapo wengi, na tunalo darasa lao."

Darasa lenyewe liko shule ya msingi hapa mjini. Nawaambia ukweli, nilidhani nitakuta watoto wasiojua kujifuta kamasi. Nikakuta wanaonishinda hesabu za kichwani, mimi na mizani yangu. Wanachora herufi moja moja mchangani kwa kidole huku wanaitamka, wanaifinyanga kwa udongo. Mazoezi wanasomewa, wanajibu kwa mdomo. Siku ya kwanza binti yangu alijibanza kwenye kona. Mwalimu akamwambia, "Hapa kutojua kusoma si siri. Ndicho kilichotuleta wote." Alilia sana. Kesho yake yeye ndiye aliyeniamsha.

Ustadhi wetu aliposikia, alikwenda kuangalia wanavyofundishwa. Kisha akawa anakuja mwaloni tukishaanua dagaa, anachora alifu kubwa mchangani, mtoto anaipitia kwa kidole. Mliona wenyewe, mkamtania kwamba ameanza uvuvi.

Ijumaa moja baada ya swala, binti yangu aliingia chumba cha mbele na msahafu. Akakaa mahali palipokuwa na kitanda cha baba yake. Nikajua leo tutaisikia ile sauti. Hatukuisikia. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya Yasini, akaanza kujikwaa. Anasimama, anarudi, anakosea, anaanza upya. Sura aliyokuwa akiimaliza kwa moyo chai haijapoa, adhana ya alasiri ilitukuta bado. Sijawahi kumsikia akisoma vibaya namna ile. Alipofika mwisho akafunga msahafu, akasema, "Leo nimesoma, baba."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nalia. Kesho ya mume wangu ilikuwa imefika, na mwenyewe hayupo.

Namshukuru yule mwalimu, namshukuru ustadhi, nanyi mlioanua dagaa wangu kwenye mvua. Mtoto anayeshindwa kusoma asiachwe akaamini kwamba hana akili, maana baba hasubiri, na mama hasubiri.

Na wewe mwenzangu, sikuulizi kitu. Jumatatu asubuhi nampeleka wangu kwenye lile darasa, na njia yetu inapita mlangoni kwako. Tutabisha hodi. Mwambie mwanao avae viatu.